Vidole Vinne vya Delfino Archuleta

Padre Ambrosio, ndugu wa ukoo wa Archuleta na wa ukoo wa Maestas, majirani wa Santa Cruz na wa bonde zima la Española, na ninyi wenzetu wa chama cha magari mliopanga magari yenu kuanzia mlango wa kanisa hili mpaka darajani, kwa niaba ya familia nimesimama kuwasomea maisha ya kaka yangu Delfino Archuleta, ambaye wengi wenu mlimwita Fino. Mimi ni Eusebio, mdogo wake, yule Chebo aliyewapeleka nusu yenu shuleni kwa basi la njano, na naombeni mnivumilie mpaka mwisho, kwa sababu si msomaji mzuri, na leo nina sababu ya kusoma vibaya zaidi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 24 Desemba 1957, hapa hapa Santa Cruz, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya matofali ya udongo, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Procopio Archuleta na marehemu Estefana Roybal, theluji ikiwa imefika kwenye magoti na mkunga akiwa amechelewa, hivyo aliyempokea ni baba mwenyewe, ambaye hadi anakufa alijisifu kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kumpa Fino kazi ya mikono, maana mtoto alimkamata kidole na hakukiachia. Mimi nilifuata mwaka 1961, na kwa kuwa mama hakujaliwa wengine, tulikuwa wawili tu, tukalala kitanda kimoja mpaka nilipofika miaka kumi na moja.

Alikuwa na miaka tisa alipoinama mbele ya pikapu ya baba na kuuliza kwa nini tairi limeisha upande mmoja. Baba alimjibu, "Kwa sababu limechoka." Fino akasema, "Sasa baba, mbona limechoka upande mmoja tu, huo mwingine ulikuwa umelala?" Baba alicheka mpaka akamwita mama aje asikie, lakini kesho yake niliwakuta wote wawili wamelala chini ya gari wanatazama.

Elimu yake aliianza Septemba 1964 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akaendelea na sekondari mjini Española, na kuhitimu tarehe 28 Mei 1976, akiwa mwanafunzi wa wastani katika kila somo isipokuwa jiometri, ambako mara moja alipata alama zote, mwalimu akamwita mbele akiamini ameibia. "Nani amekuchorea hizi pembe, Archuleta?" aliuliza. Fino akajibu kwa adabu zote, "Pikapu ya baba, mwalimu," akapewa adhabu ya kufuta ubao wiki nzima, naye akaifanya bila kununa, kwa sababu kaka yangu hakuwa mtu wa kujitetea, na hilo naomba mliweke moyoni kwa ajili ya yale yajayo.

Kazi alijifunza kwa Mzee Abenicio Naranjo kule Fairview, Mungu amrehemu, kuanzia Juni 1976 mpaka Aprili 1980, akichomelea mageti, matrela na mabomba, na tarehe 5 Mei 1980 akafungua karakana yake mwenyewe katika banda la nyuma ya nyumba ya wazazi wetu. Wengi waliopo hapa wanajua alichofanya humo, lakini wapo wageni na wapo wajukuu, kwa hiyo nitaeleza kama alivyonieleza mimi, ambaye alinihesabu kuwa kichwa kigumu kuliko vyote. Gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu mfupi na wa chini mrefu, halafu ipo tairodi inayoligeuza unapozungusha usukani, na gurudumu likipanda au likishuka, kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinachora upinde wake hewani. Gari likitoka kiwandani pinde hizo zimepatana, lakini sisi watu wa bonde hili tunataka gari lilale chini, tumbo karibu na lami, tuendeshe polepole watu watutazame, na mtu asiye na subira anakata springi tu, gari linashuka, anafurahi, kumbe mikono imelala pembe ambayo hakuna aliyeikusudia, tairodi inavuta kwake, na siku moja gurudumu likipanda tuta linageuka lenyewe wakati dereva ameshika usukani sawasawa.

Fino hakushusha gari kwa namna hiyo hata mara moja. Alikuwa anakata mikono ya kadibodi kwa kipimo kamili cha ile ya chuma, anaipigilia kwa pini kwenye ubao wa plaiwudi, anafunga penseli mahali pa gurudumu, kisha anaipandisha na kuishusha taratibu, siku mbili, siku tatu, akihamisha pini moja upana wa punje ya ngano, mpaka ule mkono na ile tairodi vikachora mstari mmoja. Hapo ndipo alipochukua chuma, akapandisha ekseli fupi ya gurudumu juu zaidi kwenye kifundo chake, gari likashuka huku mikono imebaki mahali pake, akainamisha mkono wa usukani ufuate, na mwisho kabisa akaingiza kiganja chake kati ya mkono wa chini na mpira unaouzuia usigonge fremu, kuhakikisha kuna nafasi ya vidole vinne, si vitatu. "Vidole vyangu, siyo vyako," alikuwa anawaambia wateja, "wewe vyako vya karani."

Mhandisi mmoja alishuka kutoka kule juu mlimani, kwenye maabara, na gari lake la kale, akakaa bandani mchana mzima akitazama ule ubao, mwisho akauliza anatumia kompyuta gani. Fino akamwonyesha sanduku la nafaka za asubuhi lililokatwakatwa, akamwambia, "Ile pale, lakini leo imechoka, watoto wameimaliza." Yule bwana alirudi mara nne, akaleta na wenzake, na gari lake mpaka leo linakwenda na kurudi Santa Fe likiwa chini kama sahani, na tairi zake zinaisha pande zote mbili sawa.

Ndoa yake aliifunga tarehe 18 Juni 1983, ndani ya kanisa hili, na Bi. Isaura Maestas wa Chamita, ambaye yupo hapa, benchi la tatu, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Marcelina, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1988, ambaye naye yupo, ndiye aliyemuuguza baba yake mpaka pumzi ya mwisho. Nawaambia nyumba ile ilikuwa na kicheko. Shemeji yangu Isaura alikuwa akimpelekea chakula bandani, maharage na pilipili nyekundu na chapati ndani ya kitambaa, akimkuta ameinamia ubao wake anasema, "Fino, huyo mke wako wa mbao amekupikia nini leo?" na yeye anajibu, "Ananinyima, ndiyo maana nakusubiri wewe." Nazario Maestas, mdogo wake Isaura, alikuwa akishinda nasi huko, akishika taa, akiimba kwa sauti mbaya, naye yupo hapa pia, mnamfahamu, na fimbo yake mnaifahamu.

Sasa nimefika mahali ambapo karatasi hii, ile niliyoiandika Alhamisi na Marcelina akaisoma na kuikubali, inaruka. Inasema kwamba kuanzia mwaka 1996 marehemu aliacha kazi ya magari na kujikita katika kuchomelea mageti, kisha inakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Marcelina ndiye aliyeniomba, tena kwa upole, aliniambia, "Baba mdogo, ile ya ajali usiiweke, mama ataumia na baba atadharauliwa siku yake ya mwisho." Nilimjibu, "Sawa mwanangu, kama unavyotaka," na moyoni nilishukuru, na kwa kule kushukuru ndipo nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Marcelina, nisamehe, nitaisoma ile ambayo sikuiandika.

Mwaka 1996, kati ya Januari na mwanzo wa Machi, kaka yangu alinitengenezea mimi gari, Impala la mwaka 1963, langu mwenyewe, rangi ya divai, sehemu yote ya mbele akiichora upya, bila pampu za kuinua na kushusha, kwa sababu pampu hakuzipenda, alisema gari si mbuzi wa kurukaruka. Lilikaa chini, lakini lilikaa chini kwa heshima, vidole vinne vikiwa mahali pake, na Ijumaa Kuu, tarehe 5 Aprili, tulilipeleka barabarani wakati mahujaji wanatembea kwenda Chimayó, tukaliegesha mbele ya duka la vinywaji pamoja na ya wenzetu. Kando yangu akaja kuegesha Medardo Quintana na gari lake la pampu, akalishusha mpaka fremu ikagusa lami, halafu akanitazama na kusema mbele ya watu wote, "Chebo, hilo gari au ngazi? Hebu tuazime, Padre anataka kubadilisha balbu za kanisani." Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, amezoea basi la shule, akikaa chini atazimia." Fino naye alicheka, akasema, "Ngazi inafika nyumbani, Medardo, wewe lako nani atalibeba?" na kwake yeye yakaishia hapo.

Kwangu hayakuishia hapo. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, baba wa watoto watatu, na nilishindwa kula chakula kwa sababu ya neno ngazi. Jumamosi Kuu, Fino na Isaura wakiwa Chamita kwa wakwe, niliingia bandani mchana kweupe, nikapandisha gari juu ya magogo, nikatoa springi zote mbili za mbele, nikawasha mtungi wa gesi na kukata mzunguko mmoja mzima kila upande kwa moto, kwa kuwa grenda yake ya kukatia chuma sikujua alipoiweka na nilikuwa na haraka. Kila fundi aliyeko hapa anajua kwamba springi haikatwi kwa moto, moto unaiua, inalegea leo na kesho inazidi kulegea. Nilirudisha, nikashusha gari, likalala vizuri mno, nikapiga mluzi. Niliingiza vidole kati ya mkono na mpira, vikaingia viwili, nikajiambia vinatosha.

Siku ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1996, saa tisa alasiri, nilikuwa narudi kutoka Chimayó, Nazario amekaa kulia kwangu anaimba, mwendo maili arobaini na tano kwa saa, ambao si mwendo wa gari la chini, lakini nilikuwa nimemwona Medardo mbele nikataka anione. Kufika pale barabara inapovuka mfereji wa maji kuna tuta, mnalijua nyote, gurudumu la kulia likapanda, chuma kikagonga chuma, maana ile springi ilikuwa imeshalegea na nafasi haikuwepo tena, na usukani ukanipokonywa mikononi kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeushika. Tuliingia kwenye mti. Mimi nilivunjika pua. Nazario alikatwa mguu wa kulia chini ya goti siku ile ile, akiwa na miaka ishirini na minne.

Kesho yake asubuhi gari lilikuwa limeshavutwa na kutupwa uani kwetu, na kaka yangu akalala chini yake muda mrefu, mimi nimesimama pembeni na plasta usoni, nikiona viatu vyake tu. Alipotoka alijifuta mikono, akaongea bila kupaza sauti, "Ulikata kwa moto, Chebo." Hakuuliza. Mchana wakaja watu wawili wa uchunguzi, wakauliza nani aliijenga sehemu ya mbele ya gari hili, na hapo Fino alinitazama, akatoa sigara, akaitafutia kiberiti mfuko huu na mfuko ule, akaiwasha, akavuta, muda wote huo ananitazama, na leo hii naweza kuwaapia kwamba alikuwa ananipa nafasi. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimeajiriwa kuendesha basi la shule tangu Januari, na dereva wa watoto wa watu anayekata springi kwa moto kwa sababu ya kutaniwa hawezi kubaki kwenye basi. Basi kaka yangu akawageukia wale watu, akasema, "Kazi ni yangu."

Maneno hayo matatu ndiyo aliyomjibu kila mtu. Isaura, ulimuuliza mbele yangu, jikoni kwenu, ukiwa umetoka hospitalini kwa Nazario, ulimwambia, "Fino, sikuombi mengi, niambie ulikosea, tuombe msamaha pamoja, au niambie hukukosea, nitakuamini." Naye akasema, "Kazi ni yangu, Isaura." Wewe ukaona kiburi. Ukaniuliza mimi, "Shemeji, huyu mtu ana moyo kweli?" Mimi nikakwambia mpe muda. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako, nakunywa kahawa yako, nikakwambia umpe muda, na Novemba ulimchukua Marcelina ukahamia mji wa Pueblo, saa nne kwa gari kutoka hapa, na mimi ndiye niliyewabebea masanduku mpaka garini.

Tangu hapo hakuna aliyemletea gari. Watu walimsalimia, ndiyo, sisi watu wa bonde hatunyimani salamu, lakini walivuka na magari yao wakayapeleka kwingine, na watoto wa shule kwenye basi langu walikuwa na wimbo wa kukata mguu ambao sitautaja, nami niliusikia nikaendelea kuendesha. Mtu aliyekuwa anafuatwa na wahandisi akachomelea mageti ya ng'ombe kwa miaka ishirini na miwili. Siku za Pasaka magari yalipopita alifunga mlango wa banda akakaa ndani. Marcelina alikuja kila kiangazi wiki mbili, na kila kiangazi alimuuliza baba yake swali moja au lingine kuhusu magari, na yeye akamgeuzia habari ya pilipili na mvua. Mimi nilistaafu mwaka 2016 na kupewa cheti cha dereva asiye na ajali, na siku hiyo Fino alikuja kunipigia makofi, amevaa koti lake la harusi.

Sikuwa nimesahau, msidhani. Kila Kwaresima niliapa kwamba Pasaka haitafika sijamwambia Isaura, na kila Pasaka ilifika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilifikiri wanasema kifo cha mficha maradhi mwenyewe.

Ugonjwa wa marehemu ulianza kwa kikohozi Machi 2018, na tarehe 21 Agosti mwaka huo madaktari wa Santa Fe walithibitisha kuwa ni saratani ya mapafu, akaanza matibabu Septemba, akapata nafuu Novemba, hali ikabadilika baada ya Krismasi, na Marcelina akaacha kazi Pueblo akaja kukaa naye kuanzia tarehe 9 Januari. Nilikuwa namtembelea hospitalini kila siku. Jumapili iliyopita, tarehe 10 Februari, Marcelina alipotoka kununua kahawa, nilimshika mkono nikamwambia, "Kaka, nitamwambia Isaura." Alicheka kwa kifua kile kilichobaki, akasema, "Lini, Chebo? Ulianza kusema hivyo Marcelina akiwa hana meno ya mbele." Nikamwambia safari hii kweli. Akasema, "Mwambie basi nikiwa bado nasikia, nataka nione atafanya uso gani." Kisha akaomba maji, na Marcelina akaingia.

Kwa hiyo Jumanne, tarehe 12 Februari 2019, niliondoka alfajiri kwenda Pueblo. Nilifika mbele ya nyumba ya Isaura saa tatu na nusu. Nikazima gari. Nikawasha tena kwa sababu ya baridi, ndivyo nilivyojiambia, nikakaa, nikapanga maneno, nikayapangua, nikaona pazia linasogea, nikakaa, na saa nne na dakika ishirini na tano Marcelina akanipigia simu kwamba baba amefariki dakika tano zilizopita. Nilikuwa na dakika hamsini, ndugu zangu. Mlango ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale nilipokaa. Isaura akatoka mwenyewe, akaona machozi, akajua nimekuja na habari ya msiba, akanikumbatia barabarani na kuniambia, "Asante, shemeji, kwa kuja mwenyewe badala ya kupiga simu." Nami nikaipokea ile asante. Nimeibeba mpaka hapa na leo nakurudishia, Isaura, haikuwa yangu.

Alhamisi tulikuwa tunasafisha banda, mimi na Marcelina. Nyuma ya mageti, kwenye msumari, kulikuwa na springi mbili zimefungwa waya pamoja, ncha zake zimeungua na kuyeyuka, na chini yake ule ubao wa plaiwudi wa Impala yangu, pini zake bado zimo, na kwa mwandiko wake wa penseli, 2 Machi 1996, vidole vinne kulia, vidole vinne kushoto. Marcelina akauliza, "Baba mdogo, hivi vyuma vibovu nitupe?" Nikamwambia, "Weka kando." Miaka ishirini na miwili kaka yangu alikuwa na ushahidi umening'inia juu ya kichwa chake, angeweza kumwonyesha mke wake siku yoyote, angeweza kumwonyesha binti yake kiangazi chochote, na hakuushusha. Vyote viwili viko nje, nyuma ya gari langu, buti liko wazi, na ninawaomba mafundi wote mkitoka mkatupie macho pale, mkatazame ule mkato, mseme wenyewe ni wa nani. Aibu ya maiti, walisema, aijuaye ni mwosha, lakini leo maiti ni msafi na mwosha ndiye mchafu.

Naomba nimalize. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Santa Fe, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemnyoa ndevu siku ya mwisho bila kuombwa, inawashukuru majirani wa Santa Cruz kwa posole, ile supu ya mahindi, na maharage ambayo hayajakauka sufuriani tangu Jumanne, wanaume waliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda, Padre Ambrosio, kwaya, na wenzetu wa chama cha magari ambao baada ya miaka yote hii mmemjia na taa zimewashwa. Namshukuru Medardo Quintana, ambaye atabeba jeneza upande wa mbele, Medardo, wewe ulitania tu, kama tunavyotaniana sote, na Fino alicheka. Ratiba inasema mimi nitabeba mkabala na Medardo. Sistahili. Nazario, kama utakubali, na kama mguu utakuruhusu, nafasi ile ni yako, na kama hutaki kunitazama usoni nitakuelewa, nitatembea nyuma kabisa ya magari, kwa miguu.

Isaura, alikuwa na moyo. Uliniuliza, na hilo ndilo jibu nililopaswa kukupa jikoni kwako. Marcelina, baba yako hakukosea hata upana wa punje ya ngano.

Na wewe, Fino, kaka yangu, kazi ilikuwa yako na ilikuwa sahihi, kosa lilikuwa langu, nimelisema mbele ya mke wako na wewe husikii. Amani niliyolala nayo miaka yote hii ilikuwa ya kwako, niliichukua ukiwa unanitazama. Nimeirudisha. Ichukue, upumzike nayo.